Geuza Jani Kwanza: Maisha ya Baba Yetu, Dereva wa Gari la Mimea

Baba yetu, ambaye picha yake mnaiona kwenye jalada, alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1950, akiwa mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Shangazi yetu, mdogo wake, anasema kaka yake alikuwa mtoto wa maswali mpaka watu wakajifanya wamelala.

Alimaliza shule ya msingi Novemba 1964, wa pili darasani. Sekondari alisoma mwaka mmoja tu. Baba yake alipofariki, yeye akaenda karakana ili wadogo zake wabaki shuleni. Leseni ya udereva aliipata tarehe 3 Agosti 1970.

Julai 1972 aliajiriwa kuendesha gari la taasisi ya mimea. Watafiti walipoingia porini, yeye alitakiwa kulinda gari, kana kwamba lingeondoka lenyewe. Hakutulia. Mkaushaji mimea wa taasisi, mzee mwenye vidole vya gundi, alimpa kioo cha kukuzia na kumfundisha kutofautisha vichaka viwili vya maua meupe. Kimoja ni cha bustani, kililetwa kutoka mbali. Kingine ni cha asili, huota chenyewe kwenye mawe. Kwa maua huwezi kuvijua. Lazima ugeuze jani: la asili lina vishimo vidogo upande wa chini, pale mishipa inapoachana, la bustani halina kitu. Tangu hapo wenzake wakamwita Bwana Geuza.

Alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1976. Siku ya kumchumbia alimpelekea tawi.

"Mbona umeniletea kichaka?" mama aliuliza.

"Geuza jani kwanza."

Mama akageuza, akasogea dirishani. "Naona vishimo."

"Basi tutaelewana," baba akasema, na kweli walielewana miaka arobaini na miwili.

Sasa familia haitapamba maneno mbele ya jeneza. Mei 1991 taasisi iliombwa ikague kilima cha mawe kabla hakijapasuliwa kwa kokoto. Kilima hicho ndipo mahali pekee ambapo baba alikuwa amekiona kichaka cha asili kikiota. Mtaalamu aliyetumwa alitembea dakika kumi, akatazama maua, akaandika kwamba ni mimea ya bustani iliyotoroka.

"Mkuu, naomba ugeuze jani," baba alimwambia.

"Dereva, wewe baki na gari."

Ripoti ilitiwa saini siku ya tatu. Baba aliandika barua mbili. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa kumhamishia lori la mchanga. Julai kilima kilianza kupasuliwa. Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumapili, alizunguka mawe ya kila upande kwa miguu, na hakukiona kichaka kile tena. Mwaka 2006 taasisi ilifungua majalada yake, ikaona tawi la kilima kile alilolikausha yeye zamani, ikatangaza kwamba kichaka cha asili kimetoweka. Haikutaja nani aliwaambia mapema. Alipostaafu mwaka 2010, mtaalamu yule, ambaye sasa ndiye mkuu wa taasisi, alisimama kumsifu: dereva wetu hajawahi kugonga hata kuku. Watu wakapiga makofi. Baba hakupiga.

Tarehe 9 Juni 2017 alipata kiharusi na maneno yakamwisha, likabaki moja. "Geuza," alisema. Wauguzi, Mungu awabariki, wakamgeuza ubavu wa pili. "Geuza," akasema tena, wakamrudisha. Waligeuza mgonjwa wa watu siku nzima mpaka mama alipofika na jani kavu alilokuwa akilihifadhi baba kwenye leseni yake. Akamwekea kiganjani, upande wa chini ukiwa juu. Baba akanyamaza. Alifariki Alhamisi, tarehe 7 Februari 2019, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 68.

Ameacha mjane, mabinti wawili, ambao mkubwa ndiye anayewasomea, mtoto wa kiume mmoja, wajukuu watano na dada mmoja. Ameacha pia kioo cha kukuzia, ambacho wajukuu wanagombania.

Aya hii haimo kwenye ratiba mliyoshika. Imeongezwa kwa kalamu asubuhi ya leo. Taasisi imeleta shada la maua meupe, lenye kadi isemayo, "Kichaka alichokipenda." Tunashukuru kwa kuja. Lakini mama alisimama pale kwenye gari lao, akageuza jani la kwanza, la pili, la tatu. Yote hayana vishimo. Ni ya bustani. Miaka ishirini na minane, na mpaka leo hakuna aliyegeuza. Jani la kweli ni lile moja tu, nalo limo mfukoni mwa koti alilovaa baba.

Kwa hiyo familia inaomba jambo moja. Baba yetu ashuke, apumzike kwa amani. Shada libaki na gari.