Sentimita Thelathini za Kidato cha Tatu B

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Afisa Elimu, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi mliofika na mnaoendelea kufika, wanafunzi wenzetu mlioko juani kwa sababu kivuli kimepewa wakubwa:

Shikamooni.

UKARIBISHO

Sisi wanafunzi wa Kidato cha Tatu B tunakukaribisha kwa mikono miwili, na leo tunaweza kuikunjua yote miwili kwa kuwa tuko nje. Siku ukija darasani kwetu tutakukaribisha kwa mkono mmoja, na huo nao mpaka jirani ainamishe kichwa.

Tulipewa kazi ya kuandika risala hii kwa sababu tunasifika kwa maneno mengi. Rasimu ya kwanza ilirudishwa. Tuliambiwa tupunguze utani, na sehemu ya changamoto iwe fupi. Utani tumejitahidi, Mheshimiwa. Changamoto tumezipunguza kutoka kumi na tisa hadi moja.

HISTORIA FUPI YA DARASA LETU

Chumba chetu ni chembamba na kilijengwa kwa ajili ya wanafunzi arobaini. Tuko tisini na sita. Madawati ni ishirini na manne, ya kukaa wawili wawili, na kila moja linakaliwa na wanne. Yamepangwa safu sita, ukuta hadi ukuta. Zamani palikuwa na njia katikati, na wanaoikumbuka wanasema ndoo ya maji ilipita bila kumwaga tone. Mwaka jana yaliletwa madawati sita mapya. Tulipiga makofi sana, kisha tukatafuta njia tusiione.

Mlango ni mmoja, mbele, karibu na ubao. Madirisha yana nondo. Mtu wa nyuma akitaka kutoka, safu yake yote inasimama apite, halafu watu wa mwisho wa kila safu iliyo mbele yake wanasimama na kuinua dawati lao, safu kwa safu, mpaka mlangoni. Kwa hiyo kabla ya kwenda chooni mtu anafikiria kama anayeomba ruhusa ya kusafiri nje ya nchi.

Aliyekaa mwisho kabisa, ukutani, chini ya dirisha, ni mwenzetu tuliyemwita Mlingoti. Alikuwa mrefu kuliko walimu watatu ambao hatutawataja kwa sababu wapo hapa. Akikaa mbele, waliomfuata walikuwa wanaona mgongo wake badala ya ubao. Akahamishiwa nyuma, akakubali, akasema, "Poa tu. Huku ndiko kwenye hewa." Alikuwa na pumu, ndiyo maana aliipenda ile sehemu ya dirishani.

Siku moja mwalimu wa jiografia alituonyesha kwenye kompyuta yake filamu ya watu waliosafiri angani. Tuliitazama tisini na sita kwenye kioo cha ukubwa wa sinia. Wale watu walikuwa wanaelea, kila mmoja na upande wake, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Ilipoisha Mlingoti akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ule weusi wote katikati ya nyota ni wa nani?"

"Si wa mtu."

"Wote ule?"

"Wote."

"Basi, Mwalimu, si tuombe kipande tuongeze darasa?"

Tulicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akagonga ukuta. Tangu siku hiyo kutoka darasani tukakuita kurusha roketi. Mtu wa nyuma akisema "natoka", Mlingoti alihesabu kwa sauti, kumi, tisa, nane, na kila safu ikasimama kwa namba yake. Alipotaka kutoka yeye mwenyewe, alijihesabia.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, mafanikio tunayo. Tunaandika bila kutumia kiwiko. Mmoja akipiga chafya, tunajua kufunika madaftari manne kwa wakati mmoja. Katika hesabu, dawati zima lilikosa swali lile lile kwa kosa lile lile, na mwalimu akaamini hatukuibiana, maana aliona mwenyewe kwamba macho hayakuwa na pengine pa kwenda. Redioni tunasikia nyimbo za wapendanao wanaoombana nafasi kidogo kila mmoja ajifikirie. Tunajiuliza hao wamekaa dawati la wangapi.

Fanikio tulilojivunia kuliko yote ni hili: tulianza mwaka tukitumia dakika saba kumtoa mtu wa ukutani hadi mlangoni. Kwa mazoezi, tukapunguza zikawa nne. Mwalimu wa zamu alitupima kwa saa yake ya mkononi. Tuliandika ubaoni DAKIKA NNE kwa chaki ya rangi na tukakataza mtu kufuta.

CHANGAMOTO

Siku ya mtihani wa nusu muhula, mabegi yote huachwa nje. Ndani hayana pa kuwekwa, kwa hiyo tunayarundika barazani chini ya dirisha. Ndani ya begi la Mlingoti mlikuwa na kichupa chake cha pumu, kile cha kuvuta dawa kwa mdomo. Alisahau kukitoa, au hakusahau ila alikuwa ameshapita na hakutaka kuwasimamisha watu tena. Hatujui. Tunajua kwamba kutoka alipokaa, akigeuza shingo, alikuwa analiona begi lake. Kati yake na begi ulikuwepo ukuta mmoja na nondo sita.

Msimamizi alitangaza kwamba safu itakayosimama karatasi zake zitakusanywa. Hatukuja hapa kumlaumu. Kwa idadi ile angetulindaje? Yeye mwenyewe alikuwa amebanwa kati ya ubao na dawati la kwanza.

Kwenye swali la sita tukaanza kumsikia anavuta pumzi. Jirani yake akamnong'oneza, "Tukupishe?"

"Ngoja kwanza."

"We dada, unakoroma kama trekta. Tukupishe."

"Mkisimama mtaharibu watu. Mimi si bibi harusi mpaka ukumbi mzima usimame. Nikimaliza la nane."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, na tumeyaandika kama alivyoyasema.

Tulimsikia, Mheshimiwa. Si jirani yake peke yake. Tulikuwa tisini na watano, na katika chumba kile mtu akimeza mate tunajua ni nani. Kila mmoja wetu alingoja mwingine asimame. Safu ya pili ilidhani safu ya tano ingeanza. Safu ya tano ilidhani msimamizi angeona. Swali la nane lilikuwa gumu na lilikuwa na alama ishirini, na sisi tukainama tukaandika.

Alipoegemea ukuta na kalamu ikaanguka, ndipo tukasimama wote kwa mara moja. Hilo ndilo kosa ambalo hatukuwahi kulifanyia mazoezi. Wote tukisimama, hakuna anayepita. Madawati yaligongana, yakakwama. Hakuna aliyehesabu. Mwishowe tulimpitisha juu, kwa mikono, kichwani kwa wenzake, safu kwa safu. Alikuwa mwepesi kuliko tulivyodhani. Waliokuwa mbele wanasema aliwaangalia. Waliokuwa nyuma wanasema macho yalikuwa yamefumbwa. Tumebishana sana juu ya hilo, na sasa tumeacha.

Mwalimu wa zamu alikuja mbio akatafuta pa kumlaza. Mlango wa chumba cha jirani ulikuwa umefungwa, akamlaza barazani, karibu na mabegi. Kichupa kilipatikana. Alikuwa hawezi tena kuvuta.

Wiki mbili baadaye mama yake alikuja kuchukua madaftari. Mama ni fundi cherehani, na alikuja na futi yake shingoni kwa sababu alitoka kazini moja kwa moja. Aliuliza, "Alikuwa anakaa wapi?" Tukamfungulia njia. Alipita akisema kwa kila safu, "Samahani wanangu, samahani." Akafika ukutani, akakuta nafasi tuliyokuwa tumeiacha wazi. Mwanafunzi mpya alikuwa ameshaletwa, lakini alikuwa anakalia ndoo mlangoni, kwani kila alipoambiwa aende nyuma, hakuna aliyesimama kumpisha.

Mama alikaa. Kisha akavua futi, akapima kile kipande cha dawati.

"Thelathini," akasema. "Mwanangu mabega yake ni sentimita arobaini na moja. Nilikuwa nayashonea mimi. Hizo kumi na moja alikuwa anaziweka wapi?"

Kila mmoja wetu akaangalia kipande chake cha dawati.

Alipoinuka alimwangalia yule wa kwenye ndoo. "Mwanangu, njoo ukae. Na nyie mpisheni. Mnamkalisha mtoto wa watu kwenye ndoo kama anauza maandazi." Tukampisha.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, katika takwimu zinazokuja ofisini kwako, Kidato cha Tatu B kilikuwa na wanafunzi tisini na sita muhula uliopita, na kina tisini na sita leo. Ukisoma karatasi utaona hakuna kilichotokea.

MAOMBI

Hatuombi jengo. Tunajua majibu ya majengo, tumeyasikia tangu kidato cha kwanza, na wadogo zetu nao wameanza kuyakariri.

Ukutani kwetu, upande wa ubao, kuna chumba. Kina upana ule ule na urefu ule ule, na kina milango miwili. Wazazi walikijenga kiwe darasa. Kilipopakwa rangi kikapendeza mno, kikaandikwa CHUMBA CHA WAGENI RASMI, kikawekwa makochi. Hufunguliwa mara mbili kwa mwaka. Ndicho chumba ulichopumzika asubuhi hii ulipowasili. Tunaamini ulikaa vizuri. Makochi yale bado yana nailoni ya dukani, tunajua kwa kuwa mtu akiyakalia tunasikia mlio wake ukutani, na leo tuliusikia.

Usitufikirie vibaya. Hatusemi mgeni asiwe na pa kukaa. Ofisi ya Mkuu wa Shule ina viti vinne na feni, na soda inanyweka hata pale. Tena hatusemi chumba hicho kingemwokoa mwenzetu. Daktari hakusema hivyo na sisi si madaktari. Tunasema tu kwamba nusu yetu tungekuwa upande wa pili, mabegi yangekuwa ndani, na yeye angetoka kwa miguu yake bila kuona haya.

Hapa tunamwomba radhi Mkuu wa Shule, kwa maana sehemu hii haikuwemo kwenye rasimu ya pili. Mwalimu, unatupenda, tunajua. Siku ya msiba uliketi chini na sisi mpaka mwisho. Tuadhibu kesho.

HITIMISHO

Mheshimiwa, wazazi waliokaa mbele yako wamekalia madawati yetu. Tuliyatoa leo alfajiri, yote ishirini na manne, na chumba kilipobaki kitupu tulisimama ndani tukashangaa sakafu yake ina rangi nyekundu.

Sherehe ikiisha tutayarudisha. Tunaomba kumi na mawili kati ya hayo tuyaingize mlango wa pili. Makochi tutayatoa wenyewe, kwa adabu, na nailoni yake. Hatuhitaji barua wala kamati. Sema neno tu kabla hujapanda gari, nasi tutakuwa tumeshayashika madawati pande zote mbili.

Usiposema, hatutapiga kelele. Tutayarudisha yote yalikotoka, safu sita, ukuta hadi ukuta. Wa kwanza kuingia atakuwa yule mwanafunzi mpya, maana ndiye anayekaa ukutani chini ya dirisha. Lazima atangulie yeye kabla hatujamfungia njia.

Mungu akufikishe salama nyumbani, akukutanishe na wanao wakiwa wazima, na akupe pumzi ndefu ya kazi hii ngumu.

Ni sisi wanafunzi wako,
Kidato cha Tatu B,
tisini na sita tuliopo, na mmoja.