Betri Mpya Zilizokuwa Zikifa

Wanakikundi wenzangu, shikamoo zenu nimezipokea zote, hata za waliochelewa. Wakati ule wa maharage mliona nimepotea kwenye vikao mkadhani naumwa. Sikuumwa. Niliona aibu.

Lori la kwetu nyumbani mnalijua. Na dereva wake ni mjukuu wangu wa kike. Ndiyo, wa kike, msigune huko nyuma! Barabara ya Endasak ikijaa tope anapita yeye, waume zenu wanabaki wamesimama pembeni wakitoa ushauri.

Sasa lile lori lina betri mbili. Moja ilikufa, tukanunua mpya, ya kampuni nyingine, inang'aa kama sufuria ya harusi. Haikumaliza msimu. Tukaweka nyingine, nayo ikafa. Ya tatu tukaambiwa hiyo ndiyo kiboko. Siku tumepakia maharage Gehandu, mvua inakuja, binti akazungusha ufunguo: tk, tk, kimya. Wapakiaji wakaanza, "Dereva, lipikie uji lipate nguvu!" Maharage yakalowa. Mengine ni ya kwenu humu ndani.

Mwanangu, baba yake huyu binti, akasema, "Mama, mtoto huyu anaua betri. Mara achaji simu, mara redio. Tuliuze hili lori."

Mnunuzi wa Dongobesh akasema atatusubiri Katesh. Binti aliweka ufunguo mezani akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Asubuhi tukalisukuma likawaka, binti akaendesha kulipeleka kwa mnunuzi, nikapanda naye. Njia nzima swali linanizunguka kichwani. Mbona zinakufa mpya tu? Ile ya zamani, iliyokuja na lori, mbona haifi? Tulipofika Katesh nikamwambia, "Simama kwanza kwa fundi." Nikafungua kisanduku cha betri mwenyewe, nikagusa. Mpya ilikuwa ya moto, inanuka yai viza. Ya zamani imepoa, imetulia kama mgeni anayesubiri chai.

"Shikamoo bibi," fundi akasema. "Niipime hiyo mpya?"

"Marahaba. Mpya wameipima wote. Pima ya zamani."

"Hiyo haina kesi, bibi. Ilikuja na gari."

"Hata mimi ni wa zamani, na kesi ninazo. Pima!"

Akacheka. Akazitenganisha, akapima moja moja. Akaacha kucheka, akapima tena.

"Bibi, ugonjwa uko huku. Ndani ina vyumba, na kimoja kimekufa. Hizi mbili zinagawana chaji. Mgonjwa hapokei fungu lake lote, linamwangukia mwenzake. Mpya anachemka mpaka maji yanakauka."

"Kumbe tumefunga maksai mzima na mgonjwa kwenye nira moja, halafu tunamchapa mzima?"

"Hivyo hivyo. Zinabadilishwa zote mbili, za aina moja, siku moja."

Ndipo binti akafungua mdomo. "Na simu yangu?"

"Simu yako, dada? Ukichaji unaendesha, lori hili halijui hata kama ipo."

Mjukuu wangu akageukia ukuta. Nilimwacha alie.

Tukafunga mbili mpya za aina moja siku hiyo hiyo. Mnunuzi nilimnunulia chai na chapati nikamwomba radhi, akaenda zake. Na mwanangu, aliposikia, alichukua ufunguo akamwekea binti yake mkononi, mbele ya watu. Sikumdai maneno zaidi.

Nawashukuru nyie ambao maharage yenu yalilowa, mkaja na mikeka kuyaanika badala ya kuja na matusi. Namshukuru fundi aliyekubali kusumbuliwa na kikongwe. Ninachowaachia ni hiki: kitu kikiharibika mara ya tatu, acheni kutafuta mtoto wa kumlaumu. Kagueni na kile mnachokiamini.

Lori liko hapo nje, limepiga misimu miwili bila kusukumwa. Jumatatu tunapakia Mogitu. Mwenye magunia amwone dereva, siyo mimi.