Mama Herufi, Mpanga Chapa Aliyefanya Mtihani wa Kiingereza Mara Saba (1961–2018)

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, saa nne asubuhi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wetu, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho. Anayewasomea haya ni dada yake mkubwa, ambaye siku hiyo alikuwa na miaka saba na ndiye aliyetumwa kumwita mkunga. Kwa hiyo tarehe na saa zisibishaniwe.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1968, akamaliza la saba mwaka 1974, wa tatu kati ya watoto hamsini na wawili. Akaingia sekondari. Alipofika kidato cha pili mama yetu alipooza, na alitakiwa mtu wa kumgeuza kitandani. Dada mkubwa alikuwa ameshaolewa. Marehemu akaacha shule. Alirudisha vitabu vyote isipokuwa cha Kiingereza, akasema kimepotea. Hakikupotea.

Baada ya kumzika mama aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, tarehe 3 Januari 1980. Kazi yake ilikuwa kupanga herufi za chuma, moja moja, kichwa chini. Alipanga barua, ripoti, hotuba na matangazo ya biashara, mengi kwa Kiingereza ambacho hakukielewa vizuri. Lakini maumbo aliyajua. Ukimwinulia karatasi ukiwa ng'ambo ya chumba alikwambia: anwani mbili, barua rasmi; anwani moja, ya kirafiki; vichwa vidogo na namba, ripoti. Wenzake walimwita Mama Herufi hata kabla hajazaa.

Aliolewa tarehe 9 Juni 1984 na mfunga vitabu wa kiwanda hichohicho. Bwana huyo alimposa kwa barua. Marehemu aliisoma, akamfuata kwenye meza yake ya gundi.

"Ina anwani mbili, ina kichwa cha habari. Hii ni barua ya kuomba kazi."

"Basi nimepata au sijapata?"

"Fika Jumatatu na vyeti vyako."

Walijaliwa binti mmoja. Shemeji yetu alitangulia mwaka 1997.

Watoto wa mtaani kwake ndio walioigundua elimu yake. Mtihani wa Kiingereza huwapa wanafunzi kifungu na kuwauliza: haya ni maandishi ya aina gani, na umejuaje? Basi jioni walijaa barazani kwake na karatasi zao. "Kila sentensi inaanza na amri: kata, chemsha, koroga. Nini hiyo?" "Maelekezo!" "Anayesema 'ndugu wageni waalikwa'?" "Hotuba!" "Anayesifia mpaka unatia mkono mfukoni?" "Tangazo!" Kwa hesabu yake walipita mikononi mwake watoto thelathini na wanane, na wote walifaulu. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani akasikia, akamwambia, "Niletee cheti cha Kiingereza tu, Mama. Darasa la kufundisha lipo." Tangu siku hiyo marehemu hakutaka kitu kingine duniani.

Alianza kuufanya mtihani huo mwaka 1989, mtahiniwa wa kujitegemea. Akaanguka. Akaurudia 1992, 1996, 2001, 2006 na 2012. Kila mara alikosa kidogo tu, na kidogo hicho ndicho kilichouma. Dada yake alimwambia aache, tena kwa ukali: "Maji yakimwagika hayazoleki!" Akajibu, "Hayajamwagika, Dada. Bado sijayateka." Kiwanda kilileta kompyuta, wapanga herufi wakaondolewa, yeye akabaki kufagia mabaki ya karatasi na kuyasoma. Mwalimu mkuu alistaafu. Aliyemfuata alisema ahadi haina mwenyewe, lakini cheti akikileta watazungumza. Marehemu aliondoka na hilo neno watazungumza kama mtu aliyepewa ufunguo.

Julai 2017 figo zake zilishindwa. Mara mbili kwa wiki alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, kitabu kifuani. Novemba akaenda kufanya mtihani wa saba, miguu imevimba, amevaa viatu vya marehemu mumewe. Msimamizi alimzuia mlangoni.

"Mama, wazazi wanasubiri nje."

"Mtahiniwa ni mimi, mwanangu. Nionyeshe kiti."

Alirudi saa nane mchana, akakaa kizingitini bila kuvua viatu.

"Dada, lile lilikuwa tangazo."

"Lipi?"

"Swali la kwanza. Lilikuwa linauza sabuni. Limenijia njiani."

"Uliandika nini?"

"Barua. Lilikuwa na anwani, tarehe, salamu, sahihi, kila kitu cha barua. Sikuuliza linataka nini kwangu."

"Swali moja haliui mtu."

"Watoto wangu wote wangelipata hilo," akasema.

Matokeo yalitoka Jumanne, tarehe 30 Januari 2018. Binti yake aliyaleta wodini, akampa mama yake mkubwa karatasi. Dada mkubwa hakusoma Kiingereza, lakini herufi ya kuanguka anaijua. Marehemu aliuliza kutoka kitandani ni karatasi gani hiyo. Akajibiwa ni tangazo la hospitali, wamebadilisha saa za kuwaona wagonjwa.

"Tangazo lenye jina langu juu, Dada? Na jedwali?"

Hakuomba kuishika. Alisema tu, "Mwambieni mwalimu mkuu asingoje." Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba hakuwapo aliyekuwa akingoja. Mashine ya siku iliyofuata aliikataa. Alifariki Ijumaa, tarehe 2 Februari 2018, saa tano asubuhi, dada yake akiwa amemshika mguu.

Cheti hakikupatikana. Dada yake hataki mtu asimame hapa leo aseme kwamba kilikuwa karatasi tu.

Marehemu ameacha dada mmoja, binti mmoja ambaye ni fundi cherehani, na wajukuu wawili. Ameacha pia wale thelathini na wanane. Walipelekewa habari wote wanaojulikana waliko; wamefika watatu, na tunawashukuru.

Alale kwa amani, na huko aliko asitahiniwe tena.