Mlango wa Makufuli Mawili: Maisha ya Mwalimu Apolonia Mbuke Ngusa (1953–2025)

Wakubwa zetu, shikamooni. Na nyote mliokanyaga matope kufika hapa Tinde, wabeja sana, asanteni. Marehemu, Mayu wetu, yaani mama yetu, hakupenda hotuba ndefu, isipokuwa za kwake mwenyewe, kwa hiyo tutajitahidi kumheshimu.

Mwalimu Apolonia Mbuke Ngusa alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika kitongoji kilicho nje kidogo ya Tinde, mkoani Shinyanga, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Ngusa, mkulima wa pamba na katekista, na marehemu Mama Kabula. Msimu wa pamba ulipokwisha, baba yake alimchukua kwenda kununua nguo dukani kwa Mzee Taherali, mfanyabiashara wa Kihindi aliyejenga ile nyumba ya baraza ndefu hapo barabarani. Wakubwa wakipatana bei, Mzee Taherali alimpa kipande cha sukari guru, naye alikaa barazani akikilamba, macho kwenye mizani kubwa iliyowahi kupima pamba ya babu yake. Utamu ule hakuusahau.

Alisoma shule ya msingi hapa Tinde, akafaulu. Shangazi zake walikwishaanza kuhesabu ng'ombe wa mahari. Binti akamwambia baba yake, "Ng'ombe watanisubiri. Shule hainisubiri." Mzee Ngusa alicheka, akamwacha aende. Alihitimu ualimu mwaka 1974.

Mwaka uliofuata alipangiwa kazi Runzewe, akafundisha huko hadi mwaka 1998, kisha akarudi nyumbani Tinde na kustaafu mwaka 2013. Huko Runzewe ndiko alikokutana na seremala aitwaye Theonest, sasa Baba Juliana, aliyeitwa shuleni kutengeneza madawati. Mwalimu aliyarudisha akisema yanacheza. Yakatengenezwa, akayarudisha tena. Baba Juliana anasema alichelewa kugundua kwamba madawati hayakuwa na tatizo lolote. Walifunga ndoa tarehe 24 Juni 1978, wakajaliwa watoto watatu.

Watu wengine wakistaafu hufuga kuku. Yeye alikwenda Mwanza kumtafuta Bi Gulnaz, mjukuu wa Mzee Taherali na mrithi wa ile nyumba, ambayo wakati huo ilikuwa imefungwa miaka mingi na wapangaji wake ni popo. Alitaka iwe makumbusho, watoto wa Tinde waione mizani, vyungu na majembe ya babu zao. Tayari alikuwepo mnunuzi wa dhahabu aliyetaka kuivunja ajenge nyumba ya wageni. Bi Gulnaz alimpa marehemu nyumba hiyo aitumie, lakini kwa sharti, nalo alilisema waziwazi: "Mama, siku nitakayosikia mlango umefungwa, nauza."

Nyumba ilifunguliwa mwaka 2014. Jamani, tusidanganyane, hatukwenda. Waliokwenda ni mbuzi, kukimbilia kivuli. Maneno ndiyo yaliyojaa: mwalimu mstaafu hawezi kufagia gofu kila asubuhi bure, lazima Mhindi alizika dhahabu chini ya sakafu. Walikuja hata vijana wa machimbo na mashine ya kupimia. Aliwakaribisha, akawaonyesha vyumba vyote, akawaambia wachimbe kwa macho. Hawakurudi.

Kilichoiokoa nyumba ile ni kosa lake mwenyewe. Kwa wageni wetu wa mbali: hapa Usukumani ngoma zetu zina pande mbili, Wagalu na Wagika, na upande mmoja hauwezi kukubali uwe chini ya mwingine. Marehemu alilelewa na katekista asiyetaka ngoma nyumbani kwake, kisha akaishi Runzewe ujana wake wote. Mwaka 2016 aliazima ngoma ya Wagalu kwa Mzee Bartholomeo, na ngoma ya Wagika kwa Mzee Januari. Akaziweka chumba kimoja. Ya Wagalu juu ya rafu, ya Wagika sakafuni, eti kwa sababu ni nzito.

Mtihani! Mzee Januari alifika na wenzake, akakataa kiti, akakataa hata maji. Ngoma yake ikapandishwa rafuni, ya Wagalu ikashuka. Kesho yake akaja Mzee Bartholomeo, naye akakataa kiti. Ikabidi Baba Juliana atengeneze rafu mbili za kimo kimoja kwa pimamaji, wazee wote wawili wakisimamia. Hata hivyo hawakuaminiana. Kila mmoja akawa anapita mara kwa mara kuhakikisha ngoma yake haijashushwa. Wakaja na wajukuu. Mmoja akileta kibuyu cha bibi yake, mwenzake analeta mkuki na kigoda. Marehemu alikwishaelewa alichoshika. Hakuomba radhi tena. Alikuwa anatandika mikeka, anapika michembe ya viazi vikavu, anawauliza nani ana kitu cha zamani kuliko mwenzake. Nyumba ikajaa. Msimu wa mashindano kila upande ulikuja kuchukua ngoma yake, ukacheza, ukairudisha yenyewe.

Mwaka 2023 alianza kuugua figo, ikawa lazima aende Mwanza mara kwa mara kusafishwa damu. Swali lilikuwa moja tu, nani abaki na ufunguo. Ukimpa Mgalu, Mgika ananuna. Alinunua makufuli mawili, akayafunga kwenye mlango mmoja, ufunguo mmoja kwa Mzee Januari, mwingine kwa Mzee Bartholomeo. Mumewe alimwonya kwamba wazee hawa wakigombana mlango hautafunguka. Akajibu kwamba hakuna atakayekubali kuambiwa kwamba ni yeye aliyeshindwa kufika. Na kweli, tangu siku ile mlango haukukosa kufunguliwa.

Oktoba mwaka huu Bi Gulnaz alikuja kumjulia hali, akamkuta amekonda, hawezi kusimama. Yule mnunuzi wa dhahabu alikuwa amerudi. Bi Gulnaz alimuuliza kwa upole, "Mama, ukiondoka, nani atafungua?" Marehemu alimshika mkono. "Njoo siku ya mazishi yangu, uanzie pale mlangoni."

Alifariki dunia nyumbani kwake Tinde, tarehe 3 Desemba 2025, mchana, mumewe akiwa pembeni. Imetuuma, na itatuuma muda mrefu.

Sehemu hii haimo katika kijitabu mlichoshika. Imeongezwa kwa kalamu leo asubuhi. Mnajua mila yetu: marehemu akiwa hajazikwa, hakuna kushika jembe, hata mvua ikinyesha kama hivi. Jana wapo waliosema na ile nyumba ifungwe, kazi ni kazi. Tulilala na wasiwasi. Asubuhi Bi Gulnaz alitoka Mwanza, akashukia barazani kabla ya kufika msibani. Mlango ulikuwa umefungwa. Akasubiri. Akatokea Mzee Januari upande huu na Mzee Bartholomeo upande ule, wote na nguo za msiba. Kila mmoja akafungua kufuli lake. Mzee Bartholomeo akamgeukia Bi Gulnaz, akasema, "Kulima ni mwiko. Kufungua mlango kwa wageni wa Mayu si kulima."

Bi Gulnaz yupo hapa, amekaa na akina mama. Ametuomba tuwaambie kwamba nyumba haiuzwi.

Marehemu ameacha mume, Mzee Theonest; watoto watatu, Juliana, Adam na Vumilia; wajukuu tisa; na wazee wawili ambao kesho asubuhi watakutana tena barazani, wapende wasipende.

Mungu ampokee Mayu Apolonia na ampe usingizi wa amani. Apumzike sasa, kufungua tutafungua sisi.