Mama wa Ringwani na Magitaa Yanayonguruma

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi akina mama wa kikundi, poleni na kazi za shamba. Mwenyekiti aliponiambia leo ni zamu yangu kusimama nisimulie, nilimjibu sijui hata nianzie wapi, maana haya mambo mimi mwenyewe bado sijayaamini.

Wengi hapa Morotonga mnanijua kwa ile kelele. Msicheke, ni kweli. Nina lebo ndogo ya muziki kule Nyamongo. Tunarekodi nyimbo, tunazitoa, tunazitafutia wasikilizaji. Na muziki wenyewe siyo kwaya. Vijana wanauita metali: magitaa ya umeme yanakoroma, ngoma zinakwenda mbio kama zinafukuzwa, mwimbaji ananguruma. Baba yangu alipousikia mara ya kwanza alitoka zizini mbio, akamuuliza kaka yangu, "Mura, kijana wangu, nani anachinjwa?"

Huyo kaka ndiye alikuwa mwimbaji. Bendi ilikuwa moja tu, yake na wenzake wa mgodini. Mimi nilikuwa na kibanda cha kutengeneza simu karibu na kijiwe cha bodaboda, na kila nilichopata nilikiingiza kwenye bendi ile. Fulana zilikuwa na sura ya kaka. Ukuta wa studio ulikuwa na sura ya kaka. Sikuwahi kujiuliza, je, huyu akiondoka?

Siku ya uzinduzi tulikodi ukumbi Mugumu. Gari la matangazo limezunguka mji mzima. Asubuhi nikapitia studio kuchukua vyombo, nikakuta mlango uko wazi. Magitaa hayapo. Spika hazipo. Nikajua tumeibiwa, nikampigia kaka nikilia.

Akasema, "Dada, usipige yowe. Vyombo ninavyo mimi. Tumeshavuka Sirari, kuna lebo kubwa huku Kenya imetuchukua."

"Na watu wanaokuja ukumbini?"

"Waambie tunaumwa."

Akakata.

Ndugu zangu, nawaambia, nilikaa chini pale sakafuni. Mtoto wa mama yangu! Baadaye nikaenda ukumbini, nikasimama mbele ya watu peke yangu, nikawaambia hakuna bendi. Sitarudia waliyonitukana, kuna watoto hapa.

Nikafunga studio, nikaja kujifungia nyumbani hapa Morotonga. Baadaye nikarudi Nyamongo kwenye simu zangu, siongei na mtu. Nyimbo za metali nikazifuta zote, hata kuzisikia kwa jirani sikutaka.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka Ringwani. Amenikataza nisimtaje jina, nami nitamheshimu. Alikuwa na simu imejaa udongo. "Mwanangu," akaniomba, "iwashe tu. Ni ya kijana wangu. Kifusi kilimfunika shimoni, huku kwenu Nyamongo."

Niliisafisha, nikaichomeka kwenye chaji. Ilipowaka nikabonyeza kujaribu spika, wimbo ukalipuka humo ndani kwa sauti ya juu. Wimbo wetu! Kaka yangu ananguruma mbele ya mama aliyefiwa. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikahangaika kuuzima, yule mama akanishika mkono.

"Acha," akasema. "Alikuwa anausikiliza kila siku, mimi namgombeza azime. Kwenye msiba wake nililia, wakaniambia mama jikaze, mama nyamaza. Huyu anayeimba hapa hakujikaza. Nataka na mimi niimbe hivi."

Mama mwenye khanga na ndala, jembe lake ameliegemeza mlangoni, anataka kuimba metali!

Mpiga ngoma wetu hakuwa amevuka na wale wengine. Alikuwa kwenye shifti mgodini, hawakumsubiri. Nilipomweleza alidhani nimechanganyikiwa. Lakini akaazima gitaa na maiki kwa mwanakwaya mmoja, tukafungua studio. Mama akasimama mbele ya maiki, akafumba macho, akamwita mwanawe kwa Kikurya. Hakuimba maneno mengi. Ile sauti sijui ilitoka wapi mwilini mwake. Alipomaliza, mpiga ngoma alikuwa ameshatoka nje, nikamkuta ameinama ukutani analia.

Kabla ya kuutoa wimbo tulikaa na mama na ukoo wake, tukakubaliana wazi: wimbo ni wake, na kila kitakachopatikana tutagawana hivi na hivi. Jambo hilo sikuwahi kulifanya na kaka yangu. Kisha vijana wa bodaboda wakaubeba kwenye flashi, ukafika kila kijiwe.

Tukaandaa onyesho Nyamongo. Wachimbaji walikuja na vumbi lao. Mama alipoanza, nikaona wanavua kofia mmoja mmoja, hakuna anayecheza. Halafu kutoka nyuma, wanawake wakaanza kumwitikia. Wanawake ambao sikuwahi kuwaona kwenye muziki wetu, kila mmoja anaita jina la mtu wake. Nywele zilinisimama. Mpaka leo nikisimulia zinanisimama.

Baada ya hapo bendi zikaanza kunifuata zenyewe, nyingine kutoka kwa ndugu zetu upande wa Kenya. Sasa sitegemei sura ya mtu mmoja. Tunapiga kwanza pale watu walipo, wakitupenda ndipo tunaweka mtandaoni. Fulana zinauzwa hapo hapo uwanjani. Hata kaka alipiga simu anaomba nafasi. Nikamwambia apange foleni kama wengine. Akapanga.

Nawashukuru ninyi mlioniletea unga nilipokuwa nimejifungia, mkakaa nami bila kuniuliza maswali. Namshukuru mpiga ngoma aliyebaki. Na wewe mama, uliyekaa kule nyuma unajifanya hunijui, asante.

Mwenye biashara changa nimwambie hili: nilizunguka nikitafuta wanunuzi, kumbe kulikuwa na watu wenye jambo zito kifuani ambao hakuna aliyewapa maiki. Aanze na hao.

Jumamosi tunapiga Ringwani, uwanjani, kijijini kwa yule mama. Zibeni masikio mkitaka, ila njooni.