Asubuhi Tatu za Mzee Sixbert Haule wa Matogoro

Ndugu waombolezaji, nanyi wafanyabiashara mliofunga vibanda vyenu leo mkapanda mpaka hapa Matogoro na aproni zenu kiunoni, familia inawapa pole, na inawaomba mtulie kidogo tuwasomee maisha ya mpendwa wetu Sixbert Pankrasi Haule, ambayo yana sehemu moja ngumu, ambayo hatukuiondoa kwa kuwa mwenyewe aliomba isirukwe.

Mzee Sixbert alizaliwa tarehe 11 Julai 1961 hapahapa Matogoro, mtoto wa mwisho wa mzee Pankrasi Haule na mama Emerensiana, wakulima wa mahindi na maharage, na kwa kuwa dada zake wawili walifariki wangali wachanga, alikua peke yake katika nyumba ya watu wazima, akazoea tangu utoto kukaa kimya na kusikiliza wakubwa wakizungumza. Alianza shule ya msingi mwaka 1970 na kumaliza darasa la saba mwaka 1976, hakuchaguliwa kuendelea, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri hata mwalimu akamkabidhi kazi ya kuandika majina ya wenzake juu ya madaftari.

Mwaka 1978 aliajiriwa katika duka la ushirika mjini Songea, akipima sukari na kukata miche ya sabuni, mpaka duka lilipofungwa mwezi Machi 1992, akarudi nyumbani bila kazi, na kwa miaka mitatu alilima bila moyo, akiona haya kupita mjini kwa watu waliomzoea nyuma ya kaunta. Aliyemwinua ni fundi George, mchora vibao wa Majengo, ambaye alimkuta amesimama anatazama rangi zikikauka, asimuulize chochote, akampa brashi na kumwambia, "Shika hii, nimalizie herufi mbili, mimi mkono umechoka," na mkono wake haukuwa umechoka.

Tangu mwaka 1995 marehemu alifanya kazi hiyo mwenyewe, na ninyi mlio hapa mnajua alivyoifanya, kwamba hakuandika kibao siku aliyoombwa, alifika kwanza asubuhi tatu mfululizo, akanunua kidogo kama mteja yeyote, akaketi juu ya kreti la soda, na kila mteja aliyeondoka akamuuliza kwa heshima, "Samahani ndugu yangu, vibanda viko vingi, kwa nini umekuja kwenye hiki?" Asubuhi ya tatu alimweleza mwenye biashara yale aliyoyasikia, bila kuongeza wala kupunguza, na hayo ndiyo aliyoyaandika. Fundi cherehani Saleh, aliyetaka aandikwe bingwa wa mitindo yote, alishangaa kusikia kwamba hakuna mteja aliyetaja mitindo, wote wamesema nguo zake huwa tayari siku aliyoahidi, akauliza, "Sasa mzee, hiyo nayo ni sifa?" na marehemu akamjibu, "Nitajie fundi mwingine mmoja wa mji huu mwenye sifa hiyo, mmoja tu," Saleh akacheka mpaka akaishika cherehani isianguke, na kibao chake kinaning'inia mpaka leo, JUMAMOSI NI JUMAMOSI. Mama Mwanne wa maharage naye alidhani hana cha kujisifia, kumbe wateja walimpenda kwa sababu maharage yake hayana mawe, akaandikiwa neno moja, YAMECHAMBULIWA.

Hakuwaacha hata walipoanguka, kwani mwaka 2013 Saleh aliunguza kwa pasi gauni la mama wa bibi harusi, siku mbili kabla ya sherehe, akataka kufunga na kurudi kwao, marehemu akamwambia, "Nenda ukaseme leo kwa mdomo wako, kesho utakuta wameshasimuliwa na wengine," kisha akatembea naye mpaka kwenye nyumba ile, akasimama barazani muda wote wa kelele, wakarudi pamoja.

Kwa upande wa ndoa, marehemu alifunga ndoa na Honorata tarehe 20 Septemba 1986, wakajaliwa watoto wawili, Daudi, aliyefariki kwa malaria akiwa na miezi minne mwaka 1989, na Fortunata, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1995. Mama Honorata alifariki tarehe 8 Agosti 2011, na tangu hapo mzee alikuwa mtu wa mwisho kuondoka sokoni, akiwasaidia watu kukunja maturubai, akifunga kamba ambazo zilikwisha kufungwa, na kazi ilipokwisha kabisa alipanda njia ya Matogoro taratibu, akisalimia kila nyumba, hata zile ambazo watu walikuwa wamekwisha kuingia ndani.

Mwezi Mei 2016 Fortunata alifungua mgahawa mdogo hapa njiani, akiwa na sufuria tatu na mabenchi mawili, na baba yake akaja kuketi asubuhi tatu kama alivyofanya kwa watu wote, naye binti alifurahi, akampa kila siku kipande kikubwa cha samaki, akisubiri kwa hamu siku ya tatu. Siku hiyo, mbele ya watu waliokuwa wakila, marehemu alimwambia, "Mwanangu, nimewauliza wote, wanasema wanakuja kwa sababu wewe ni mtoto wangu, chakula chako hakuna aliyekitaja," mtu mmoja akacheka, na Fortunata akaendelea kupakua mpaka chakula kilipokwisha, akaosha sufuria zote tatu, akazifunika, na hakufungua tena. Marehemu alidhani amemsaidia, akamngoja aje waulizane la kufanya, kama walivyokuja wengine wote, lakini binti hakuja. Mwaka uliofuata, tarehe 12 Agosti 2017, aliolewa bomani na ndugu Abdulhamid wa Tunduru, mnunuzi wa korosho, wakahamia Nakapanya, na kwa miaka mitano baba na mtoto hawakusikilizana sauti. Hapo ndipo marehemu alipoelewa, akawa anasema kwa watu wachache kwamba yule alikuwa anamtafuta baba, yeye akampelekea mchora vibao. Tunamshukuru mkwe wetu Abdulhamid, ambaye kila Ijumaa baada ya swala alimpigia mzee simu akasema, "Shikamoo baba, mwanao mzima," basi, na mzee aliketi kwenye kiti kuanzia saa saba akiwa na simu mkononi, hakupokea kazi ya Ijumaa mchana kwa sababu hiyo.

Mwezi Oktoba 2022 lori lililokatika breki liliingia kwenye kibanda cha chakula ambacho Fortunata alikuwa amekifungua pale Nakapanya, Mungu akasaidia hakuna aliyeumia, kibanda kikajengwa upya, lakini wateja walikuwa wamekwisha kuvuka barabara na kuzoea kwingine, naye akawa anapika na kumwaga. Ijumaa moja Abdulhamid aliongeza maneno kwenye simu, akamweleza mzee hayo, na tarehe 14 Novemba mzee alipanda basi la Tunduru akiwa na mfuko mmoja, hakubeba rangi wala brashi, akafika asubuhi iliyofuata, akaketi kwenye benchi la binti yake, akaagiza wali na maharage, akala, akalipa, akabaki pale. Siku ya pili alifanya hivyohivyo, wapita njia wakaanza kumwona mzee mgeni anakula bila haraka, wawili watatu wakaketi, na siku ya tatu akainuka kuosha sahani zao, ndipo Fortunata alipomsemesha, akamuuliza kwa sauti kavu, "Haya baba, wamesemaje leo?" naye akajibu, "Sijamuuliza mtu, mama. Nilikuwa nakula." Waliosha sahani pamoja mpaka maji ya kuoshea yakapoa, kisha binti akasema, "Basi niandikie kibao," mzee akatikisa kichwa, "Siwezi, mimi ni baba yako, nitaandika uongo," wakacheka wote wawili, na Fortunata akachukua ubao wa kibanda kilichovunjika, akaandika mwenyewe kwa mkaa, NIMERUDI, na baba yake akamshikia ubao usitikisike. Wateja walirudi mmoja mmoja, si wote. Aliombwa abaki Nakapanya, akasema kuna watu wanamsubiri Songea, na majirani wanaeleza kuwa aliporudi alikaa siku mbili bila kufungua dirisha, lakini tangu hapo simu ya Ijumaa alipiga Fortunata mwenyewe.

Mwezi Novemba 2024 marehemu alianza kusumbuliwa na koo, akaficha, akiwaambia wanaomuuliza kuwa ni vumbi la rangi, mpaka Februari 2025 alipopelekwa hospitali na kugundulika kuwa ana saratani iliyokwisha kusambaa, akaomba arudishwe nyumbani. Jirani yake mama Zulfa alimletea chakula kila asubuhi kwenye bakuli lenye kifuniko, akisema, "Kimebaki tu, Baba Fortunata," ingawa kilikuwa hakijabaki, kilikuwa kimepikwa kwa ajili yake. Tarehe 17 Aprili Fortunata aliwasili na mtoto wake Nasrin mwenye mwaka mmoja na nusu, akawasha moto katika jiko lililokuwa limepoa miaka mingi, akapika uji wa ulezi, na mzee alikunywa vijiko viwili, vitatu, bila kusema neno lolote juu ya uji, na binti hakumuuliza. Asubuhi ya tarehe 6 Mei mama Zulfa alikuja na bakuli lake kama kawaida, marehemu akamwashiria asogee, akamwambia kwa ile sauti ndogo iliyokuwa imebaki, lakini binti akaisikia kutoka jikoni, "Asante sana mama Zulfa, hicho wape watoto, mimi nina mtu wa kunipikia." Saa nne na robo alifariki dunia, mjukuu wake akiwa amelala pembeni ya miguu yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomweleza ukweli kwa upole, mama Zulfa na majirani wote wa Matogoro, paroko na wanajumuiya, fundi Saleh aliyeshona sanda ikawa tayari saa aliyoahidi, mama Mwanne aliyeleta maharage ya msiba akakataa kusaidiwa kuyabeba, na ninyi nyote ambao hatuwezi kuwataja. Marehemu ameacha mtoto mmoja, mkwe mmoja na mjukuu mmoja.

Baba, watu wamekuja wengi, na leo wa mwisho kuondoka hutakuwa wewe, pumzika kwa amani.