Barua Niliyoikuta Kwenye Koti

Sikilizeni wanangu, na kwanza, Hester, zima hiyo redio, maana leo nataka kusema mimi, na pumzi niliyobakiwa nayo si ya kushindana na mtangazaji wa hali ya hewa. Laurence, ahsante kwa kuja. Najua treni ya kutoka Hull hadi hapa Filey inasimama kila mahali, na najua ungependa dada yako akae chumba kingine. Leo vumilia, kaa hapo hapo dirishani. Daktari ananificha, lakini nimewaweka madaktari wengi mno vitabuni mwangu, uso wa daktari anayeficha naujua.

Msinilie mapema, mimi nimeishi vizuri. Baba yangu alikuwa karani wa stesheni kule Selby, nami mwanawe nikatunga riwaya arobaini na moja za mapenzi, na wachapishaji wakaliandika jina la Cuthbert Ramsdale kwa herufi kubwa kuliko jina la kitabu chenyewe. Wanawake walinisoma wakisubiri viazi viive, askari walinisoma vitani, na kuna siku mimi na mama yenu Muriel tulipanda behewa tukakuta abiria watatu wananisoma, na wa nne amelala, kitabu changu kimemfunika uso. Muriel akaninong'oneza kwamba huyo wa nne ndiye aliyenielewa. Kisha televisheni ikaingia sebuleni kwa watu, na zile maktaba ndogo za kukodisha vitabu nyuma ya maduka zikafungwa moja baada ya nyingine, hata mwaka jana binti mmoja wa benki akaniuliza jina langu linaandikwaje. Niliumia kidogo. Nikaenda kununua samaki na chipsi, nikala nikiwa nimekaa ukutani pale ufukweni, na walikuwa watamu kweli.

Yule mhakiki wa gazeti la Leeds aliyeandika kwamba vitabu vyangu ni kastadi ya uvuguvugu, maziwa matamu yasiyo na la kutafuna, nimemsamehe. Nilimchukia miaka ishirini, na sasa naona alisema kweli, ila alisahau kwamba watu wanapenda kastadi.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, nusu kwa nusu, na asiiuze mmoja bila mwenzake. Haki za vitabu vyote ni za Hester, maana ndiye aliyevipiga taipu tangu ana miaka kumi na saba, akirekebisha makosa yangu bila kunitangaza. Laurence, chukua meza yangu ya kuandikia. Ukitaka kuifanya kuni, ifanye, sitakulaumu, na sasa nitakwambia kwa nini.

Miaka kumi na tatu iliyopita, Dilys alipovunja uchumba wenu, alikuandikia barua, na ndani yake alisema kuishi na wewe ni kama kukaa na mtu anayesubiri treni na hataki kusema anakwenda wapi. Barua ile hukumwonyesha mtu ila dada yako. Mwaka uliofuata ukaenda kwa kinyozi, ukafungua jarida la akina mama, ukakuta maneno yale yale ndani ya hadithi ya baba yako, neno kwa neno, na Hull nzima inayasoma. Ukaamini Hester ndiye aliyeniambia. Tangu siku hiyo hujala naye meza moja, na hata kwenye mazishi ya mama yenu ulisimama upande wa pili wa kaburi.

Hester hakuniambia kitu. Koti lako lilikuwa limetundikwa pale ukumbini, mimi natafuta kiberiti, nikaikuta barua. Nikaisoma. Nikaisoma tena, nikasema moyoni, huyu msichana anaandika kuliko mimi, nikakaa chini nikaunakili mstari wake. Dada yako aliutambua alipokuwa akiupiga taipu. Alinijia na ukurasa mkononi akasema, "Baba, toa hili. Atajua." Nikamjibu hakuna atakayejua. Na ulipokuja hapa ukipiga kelele, mimi nilinyamaza, kwa sababu niliogopa kukupoteza, nikaona afadhali umpoteze yeye. Ndivyo nilivyofanya. Hester naye hakunitaja, na mpaka leo hajawahi kunilaumu kwa neno hata moja, ingawa chai yangu ilikuwa haina sukari kwa mwaka mzima.

Nipeni maji kidogo. Basi, yatosha.

Masika yaliyopita nilikwenda maktaba ya mji kukiaga kitabu kilichotokana na hadithi ile ya jaridani, maana ndicho changu cha mwisho kilichobaki kwenye rafu, na kitabu kisichoazimwa miaka miwili huondolewa. Nikafungua jalada. Ile karatasi ya ndani wanayogonga tarehe kila kitabu kinapoazimwa imejaa mihuri, Laurence, mpaka wamebandika nyingine juu yake. Nikamuuliza mkutubi, Bibi Thackray, nani anakisoma. Akasema kuna bwana mmoja mrefu, anatoka Hull, anashika sikio la kushoto akizungumza, huja kila baada ya miezi michache, anakiazima, anakirudisha, na haelekei kukisoma. Nilikaa pale nikalia mbele za watu. Kitabu kilichokuaibisha kuliko vyote, wewe ndiye uliyekuwa ukikizuia kisife. Sikuulizi kwa nini. Nakuomba uache sasa. Kiache kiondolewe, mimi nimeshiba, nimesomwa vya kutosha. Ile nauli na ile siku, mletee dada yako.

Kanisani msisome chochote changu. Imbeni wimbo aliopenda Muriel, na kwenye mikate ya wageni wekeni nyama ya kutosha, si kama walivyotufanyia kwenye mazishi kwa jirani zetu akina Ackroyd. Hester, nisamehe, binti yangu. Laurence, nisamehe. Mungu awaweke... awape uzee mwepesi, na mtu wa kucheka naye ndani ya uzee huo. Nimewabariki wote wawili, kwa mkono huu... ushikeni, sina nguvu ya kuuinua.

Macho yameshaingia giza, sioni tena... lakini nasikia kiti kinasogezwa. Kinatoka upande wa dirisha... kinakwenda upande wa Hester.

Msiniambie ni nani. Nyamazeni tu... kaeni hivyo hivyo.